Aliyemsomea Ujumbe

Notburga Ndunguru alishuka Mbamba Bay siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, akiwa na mambo mawili ya kumaliza. La kwanza lilikuwa shuleni, na kabla ya saa saba lilikuwa limekwisha: aliwapima kusoma watoto wanne wa mwisho, akawashukuru walimu, akafunga kazi ya kukusanya data za shahada yake ya uzamili. La pili lilikuwa Xavery Kapinga.

Alikuwa amejiandaa. Maneno ya kumwambia aliyapanga tangu Dodoma, akayapunguza alipofika Mbinga, na sasa yalibaki matatu tu: nimesaini, nimekusamehe, kwaheri.

Karakana ya Xavery ilikuwa hatua chache kutoka ufukweni, banda la mabati lililo wazi upande mmoja. Humo alitengeneza injini za boti, jenereta na mashine za kusaga. Alikuwa Mmatengo wa Litembo, kule milimani, aliyeteremka ziwani miaka kumi iliyopita na spana sita ndani ya gunia, na sasa watu walimletea injini hadi kutoka Liuli na Lituhi. Notburga alimfahamu miaka minne nyuma, alipokuwa akifundisha sekondari mjini Mbinga, jenereta ya shule ilipogoma siku mbili kabla ya mitihani. Xavery alikuja, akaisikiliza kwanza ikikohoa, akaifungua, akaifunga, ikawaka. Notburga alikuwa amemletea kitabu cha maelekezo ya mashine ile. Xavery alikipokea kwa heshima, akakiweka chini, akakikalia. Walicheka wote wawili, na kicheko kile ndicho kilichowaanzishia mapenzi.

Miaka miwili ya mwisho Notburga alikuwa Dodoma akisomea saikolojia ya elimu: jinsi mtoto anavyojifunza, kwa nini mwingine hajifunzi, na mwalimu afanye nini. Mapenzi yao yalihamia kwenye simu. Yeye aliandika, Xavery akajibu kwa sauti. "Mikono ina grisi, mpenzi, siwezi kuandika," alisema kila mara, na Notburga akaizoea sauti ile nzito, isiyo na haraka, hata akawa anairudia mara tatu kabla ya kwenda darasani.

Tangu mwezi wa pili sauti haikuja tena. Sasa ulikuwa mwezi wa tano.

Alimkuta ameinamia injini, ameipa barabara mgongo. Notburga alisimama nje ya kivuli cha bati. Shingo ile aliijua. Shati lile alilinunua yeye.

"Hodi fundi."

Spana iliacha kugonga. Xavery hakugeuka mara moja.

"Karibu," alisema mwishowe, akajifuta mikono kwa kitambaa. "Umefika lini?"

"Asubuhi. Nilikuwa shuleni."

"Habari za Dodoma?"

"Nzuri. Za hapa?"

"Nzuri tu."

Wakaishiwa. Xavery alisogeza kiti cha plastiki, akakifuta, akamwekea. Notburga hakukaa. Alimtazama usoni, akaona amekonda, na akajizuia asimwambie.

"Sikuja kugombana," alisema. "Nimekuja kukuambia mwenyewe, usije ukasikia kwa watu. Nimesaini mkataba. Chuo kimenichukua niwe mhadhiri msaidizi. Naanza mwezi wa kumi."

"Najua."

"Unajuaje, na nimesaini mwezi uliopita?"

"Ulishaamua tangu Februari. Si uliniandikia?"

"Nilikuandikia kukuuliza."

"Kuniuliza nini?" Sauti ya Xavery ilipanda kidogo, kisha akaishusha. "Uliandika kwamba unabaki Dodoma, nisikusubiri. Mtu akishasema hivyo, kuna swali gani tena?"

Notburga alidhani hakusikia vizuri.

"Nani aliandika usinisubiri?"

"Wewe."

"Mimi? Xavery, mimi nilikupigia simu mara mbili hukupokea. Mara ya tatu akapokea dada yako akasema umekwenda Liuli. Nilikaa hadi siku ya mwisho waliyonipa, nikitazama simu kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Hukusema hata neno moja. Leo unanibandikia maneno ambayo sikuyasema?"

"Sijakubandikia kitu."

"Na si leo tu. Baba yangu anauliza barua ya posa mwaka wa pili huu. Kila Krismasi: huyo fundi wako barua yake iko wapi? Nimekutetea hadi nimechoka. Nasema ana kazi nyingi. Nasema atatuma. Karatasi moja, Xavery! Karatasi moja imekushinda?"

Xavery aliokota spana, akaiweka tena chini. Mwenye boti aliyekuwa akija kuulizia injini yake aliwaona toka mbali, akageuza njia.

"Nipe simu yako," alisema Notburga.

"Ya nini?"

"Nipe."

Aliitoa mfukoni polepole. Notburga akafungua ujumbe wao, akapandisha juu, akapita siku zilizokuwa tupu, akafika tarehe tisa Februari. Ulikuwepo. Ulikuwa mrefu, umejaza kioo chote na kuendelea. Akamrudishia.

"Huu hapa. Nisomee mahali nilipoandika usinisubiri."

Xavery aliishika simu kwa mikono miwili. Akaitazama. Muda ukapita. Akaisogeza mbali kidogo na uso, halafu karibu.

"Jua hili," alisema. "Kioo hakionekani."

Walikuwa wamesimama kivulini.

Kwa wiki sita, katika shule tatu za Dodoma na hii ya kando ya ziwa, Notburga alikuwa ameketi na mtoto mmoja mmoja, kati yao karatasi yenye maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, kama *lopa* na *mizufe*, ili ajue ni nani anasoma herufi kweli na ni nani amekariri tu. Katika wiki sita zile hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyemwambia, mwalimu, mimi sijui kusoma. Walisema jua. Walisema macho yanauma. Waliomba kwenda chooni. Wale wenye akili zaidi waliutazama ukurasa kwa utulivu mkubwa, wakamsomea hadithi waliyowahi kuisikia, na kilichowaumbua ni kitu kimoja tu: macho yao hayakusogea.

Macho ya Xavery hayakusogea.

Notburga alikaa kwenye kile kiti cha plastiki.

Alikumbuka kitabu cha jenereta. Alikumbuka hoteli ya Mbinga ambako Xavery kila mara aliagiza "kama alichoagiza mwalimu." Alikumbuka grisi. Miaka minne ya grisi.

"Nani huwa anakusomea?" aliuliza kwa sauti ndogo.

Xavery alizima kioo cha simu.

"Dada," alisema.

"Zote?"

"Zote. Tangu ya kwanza."

Kila neno la mapenzi alilomwandikia, basi, lilikuwa limepita kwanza kinywani mwa dada yake, Perpetua. Notburga alihisi uso unawaka. Lakini aibu ile ilipita haraka, na mahali pake kikaja kitu kibaya zaidi, ingawa kwa wakati ule yeye alikidhani ni kizuri. Alijiona anajua la kufanya.

"Xavery, nisikilize," alisema, akisogea mbele. "Hili jambo linajulikana. Halihusiani na akili. Lina jina, na kuna njia za kulisaidia hata kwa mtu mzima. Vipimo ninavyo humu kwenye begi, ni nusu saa tu, tukikaa hapa naweza nikaona tatizo liko kwenye sauti za herufi au..."

"Notburga."

Aliinua uso kutoka kwenye begi.

"Hatujaonana miezi saba," alisema Xavery. "Kitu cha kwanza unataka kunipima?"

Mkono wa Notburga ulikuwa tayari umeshika zipu ya begi. Aliuondoa.

"Hayo macho," Xavery aliendelea, na sasa hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayesimulia jambo lililomtokea mwingine. "Ndiyo niliyokuwa nayaogopa. Darasa la pili mwalimu alinitazama hivyo. Halafu akanitoa nje. Nikawa nasimama nje kila somo la kusoma, na mvua inanyesha, hadi nikajua pikipiki ya mwalimu mkuu kuliko mwenyewe. Hesabu nilizipata. Kichwani. Kwenye karatasi zikawa fujo. Baba alinichapa akidhani ni uvivu. Nilimaliza darasa la saba kwa mwandiko wa dada. Wewe ulipokuja na jenereta yako, ulinitazama kama fundi. Nikasema, huyu asijue. Wengine wajue, huyu asijue."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia lini? Siku ile uliyoniambia unakwenda kusomea watu wasiojua kusoma?"

Notburga alikumbuka somo moja la Dodoma. Muhula wa kwanza Dakta Ildefonsi, msimamizi wake, aliwaambia darasani: msimpime mtu mnayempenda, kwa sababu mtaona mnachotaka kuona, au mtaacha kumwona kabisa. Wote waliandika. Siku hiyohiyo aliwaeleza watakakokwenda wakimaliza. Wengine vyuoni kufundisha, wengine mashuleni kutoa ushauri nasaha, wengine kwenye kutunga na kupima mitihani, wengine kwenye mitaala, wengine kwenye mashirika. "Na wachache sana," alisema, "watarudi wilayani kutafuta mtoto aliyesimamishwa nje ya darasa." Notburga aliliandika hilo pia, akalipigia mstari. Alidhani anaandika kuhusu watoto.

"Nimesoma miaka miwili jambo lako wewe," alisema. "Na sikukuona."

"Nilijificha vizuri."

"Sikutazama vizuri."

Ziwa lilikuwa tulivu, jeupe kwa jua la mchana. Mwishowe Xavery alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa mbele yake. Magoti yao yalikaribia kugusana. Akamnyooshea simu.

"Nisomee," alisema. "Wewe mwenyewe. Sijawahi kukusikia ukiandika."

Notburga alichukua simu. Akapandisha hadi mwanzo wa ujumbe, akasoma.

"'Xavery. Chuo wameniomba nibaki nifundishe. Nikikubali ni miaka mitatu au zaidi. Nikikataa nitarudi Mbinga, nako kuna kazi, wanahitaji mtu wa kubaini watoto wenye shida ya kujifunza. Zote mbili naziweza, na zote mbili nazipenda. Lakini sitaki kuchagua kama mtu asiye na mwenzake. Nakupenda kuliko ninavyojua kusema kwenye simu, ndiyo maana naandika. Niambie ungependa tuishi wapi. Sisemi nitatii, nasema nitakusikiliza. Nina hadi mwisho wa Machi. Ukinyamaza, nitajua umechoka kunisubiri.'"

Aliweka simu mapajani. Xavery alikuwa ameinamisha kichwa.

"Basi?"

"Basi. Hakuna kingine."

"Ningekuambia ubaki," alisema Xavery. "Ungenisomea hivyo Februari, ningekuambia baki, fundisha. Siwezi kumtoa mtu kwenye kazi anayoiweza. Mkataba ungesaini uleule."

"Na sisi?"

"Sisi tungekuwa tumeamua wawili."

Notburga alianza kulia hapo, bila sauti, na Xavery hakumzuia. Alimshika mikono tu, yote miwili, kwa mikono yake yenye grisi.

*

Perpetua alikuwa na mgahawa karibu na soko. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, mkubwa kwa Xavery kwa miaka tisa, na tangu wazazi wao walipofariki yeye ndiye aliyekuwa baba na mama. Wateja wa mchana walikuwa wameondoka. Aliwaona wakiingia pamoja, akamwona Notburga macho mekundu na viganja vyeusi, akaacha kusugua sufuria.

"Shikamoo dada," alisema Notburga.

"Marahaba." Perpetua alijifuta mikono kwenye kanga. "Samaki mbasa wamebaki wawili, na ugali wa muhogo upo. Kaeni."

"Dada," alisema Xavery, "ujumbe wa Februari ulisemaje?"

Perpetua alimtazama mdogo wake, halafu Notburga, halafu akavuta benchi akakaa yeye.

"Kwa hiyo amejua."

"Amejua. Ulisemaje?"

"Ulisema mengi. Nikakusomea niliyotaka."

Hakujitetea wala hakulia. Alisema kama mtu aliyekuwa akilitarajia swali hilo kila siku na sasa amepumzika.

"Niliusoma kwanza kimyakimya, kama kawaida," aliendelea. "Nikaona mwisho wake atakuita Dodoma. Nikajua utakwenda, wewe ukiitwa na huyu unakwenda. Ukifika huko nani atakusomea? Yeye. Siku ya kwanza tu atajua. Mwanamke mwenye shahada mbili, anayewapima watu hao kama kazi. Nikasema, afadhali aumie sasa kidogo."

"Kidogo?" aliuliza Xavery.

"Kuliko kuchekwa ndani ya nyumba yako mwenyewe. Nje walikucheka wengi. Mimi ndiye niliyepigana nao. Kovu ninalo hapa." Aligusa nyusi yake ya kushoto. "Sikutaka nipigane na mkeo."

"Ningemchekaje, dada?" alisema Notburga. "Ulisoma jumbe zangu miaka miwili. Zote. Humo ndani uliona mtu wa kumcheka Xavery?"

Perpetua alitikisa kichwa.

"Hapana," alisema. "Sikuona."

"Miezi mitatu nilidhani amenichoka. Niliamka, nikasoma, nikapima watoto, nikala, na moyoni nilikuwa nimekufa. Niliposaini ule mkataba sikujua kama naupenda au nakimbia."

"Nakusikia, mwanangu."

"Sitaki unisikie tu. Nataka kujua kwa nini."

"Nimeshakuambia."

"Hujaniambia yote."

Perpetua alipanga vijiko vilivyokuwa vimepangwa tayari.

"Akienda," alisema hatimaye, "mimi nitakuwa nani? Tangu ana miaka minane mimi ndiye macho yake. Sikuolewa. Hayo sikumwambia padri, nawaambia nyie."

Xavery alisimama, akaenda mlangoni, akakaa hapo muda akiwa amewapa mgongo. Aliporudi hakumkumbatia dada yake, wala hakumkaripia. Alisema:

"Jumapili tunakwenda Mpepai kwa baba yake Notburga. Nina wewe tu, utanisindikiza."

"Kwa posa?"

"Kwa posa. Kama yeye ananitaka."

Walimgeukia Notburga. Alikuwa ameingia Mbamba Bay na maneno matatu, na hakukumbuka kuyasema yote.

"Nakutaka," alisema. "Lakini usinifiche tena kitu."

"Nitaandika barua leo," alisema Perpetua upesi, akiinuka. "Nzuri, yenye mwandiko wa kupendeza. Mzee hatapata la kusema."

"Hapana, dada. Barua hapana."

"Watakufukuza. Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu, mila..."

"Wanifukuze mimi, basi. Wasikaribishe mwandiko wako."

Perpetua alikaa tena. Kisha akaenda jikoni, akawaletea mbasa wale wawili, wakala watatu kwenye sinia moja.

*

Mzee Bartholomayo Ndunguru wa Mpepai alikuwa katekista kwa miaka thelathini, na alikuwa na imani na vitu vilivyoandikwa. Ubatizo una cheti. Shamba la kahawa lina hati. Binti yake ana shahada, ingawa ile ya pili hakuielewa sawasawa. "Kuwasomesha watoto naelewa," alikuwa akiwaambia wenzake baada ya misa. "Kuwauliza maneno yasiyo na maana, sielewi." Na fundi wa Mbamba Bay, kwake yeye, alikuwa mtu asiye na karatasi hata moja.

Jumapili ile aliwapokea sebuleni. Perpetua alikaribishwa kiti. Xavery, aliyevaa shati jeupe lililopigwa pasi hadi likang'aa, alibaki amesimama, na mzee hakumwambia akae. Mama yake Notburga alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango wa uani. Notburga alisimama nyuma yake.

"Shikamoo baba," alisema Xavery.

"Marahaba. Nimeambiwa mna shida."

"Hatuna shida, baba. Nimekuja kumposa Notburga."

"Aha." Mzee alinyoosha mkono. "Barua?"

"Sina."

Mkono ulibaki hewani, kisha ukarudi gotini.

"Miaka miwili nasubiri," alisema mzee. "Leo umekuja na miguu yako, umemleta na dada yako, na barua huna. Kijana, unanidharau?"

Perpetua alifungua mdomo. Xavery alimgusa bega, akaufunga.

"Sikudharau, baba. Sijui kuandika," alisema. "Wala kusoma. Nilikwenda shule miaka saba, sikuweza. Nilificha. Nilimficha hata Notburga, amejua Alhamisi hii. Ningeweza kuja na barua nzuri, dada angeiandika. Lakini ungekuwa unasoma maneno ya dada. Haya ni yangu."

Mama yake Notburga aliinua uso. Nje kulikuwa na kuku wakikwaruza chini ya vichanja vya kuanikia kahawa, na hakuna aliyewafukuza.

Mzee alimgeukia binti yake.

"Wewe. Umejua Alhamisi?"

"Ndiyo, baba."

"Si ndicho ulichokwenda kukisomea?"

"Ndicho."

"Na umejua Alhamisi."

"Ndiyo, baba." Hakuinamisha macho. "Kwenye karatasi ningemjua siku ya kwanza. Nilikuwa nampenda, sikumtazama kama karatasi."

Mzee Bartholomayo alilitafuna jibu hilo. Hakulipenda wala hakuweza kulitema.

"Na Dodoma?" alimuuliza Xavery. "Huyu ana mkataba. Mke anakaa chuoni, mume anakaa ziwani. Nani atamfuata nani?"

"Nitamfuata mimi."

"Lini?"

"Si mwaka huu."

Notburga alishtuka. Hilo walikuwa hawajalizungumza. Katika basi la kutoka Mbinga, walikolala jana yake, Xavery alikuwa kimya, na yeye alidhani ni woga wa ukweni.

"Mbinga kuna mwalimu wa watu wazima," Xavery alisema, akimwambia mzee lakini akimtazama Notburga. "Mwalimu Scholastica. Jana nilikwenda kwake, nikamweleza. Atanifundisha mara tatu kwa wiki. Sijui nitafika wapi. Labda nitasoma kama mtu, labda nitasoma jina langu tu. Lakini nikienda Dodoma sasa, Notburga ndiye atakayenisomea kila kitu. Nitakuwa nimebadilisha msomaji tu, nimemtoa dada nimemweka mke. Sitaki mke awe macho yangu. Nataka nimwone kwa haya niliyonayo."

Perpetua alifunika uso kwa ncha ya kitenge.

Notburga alitaka kusema kwamba yeye angemsomea kwa furaha, maisha yote, bila kuchoka. Akajizuia, kwa sababu alielewa kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema Perpetua kwa miaka ishirini na mitano.

"Mwaka mmoja," alisema badala yake. "Nitakusubiri."

"Hutaniandikia?"

"Nitakupigia."

"Niandikie," alisema Xavery. "Maneno machache. Usimwambie mtu yeyote anisaidie."

Mzee Bartholomayo alikohoa, kwa maana walikuwa wamesahau kwamba yupo. Alimtazama kijana yule aliyesimama katikati ya sebule yake, miguu imeachana kidogo, kama mtu anayengoja kupigwa au kupewa mzigo. Katika miaka thelathini ya kufundisha katekisimu alikuwa amewarudisha nyumbani watoto wengi walioshindwa kusoma maswali, waje mwaka unaofuata. Wengine hawakurudi. Hakulisema hilo kwa yeyote siku ile, ila mkewe aliona namna alivyoivua kofia yake na kuiweka mezani.

"Kaa," alisema.

Xavery hakuelewa.

"Kaa chini, kijana. Kiti hicho hapo. Mambo ya ndoa hayazungumzwi mtu amesimama." Kisha akageukia mlango wa uani, sauti imepanda kama ya mtu aliyekasirishwa na uzembe wa watu wa nyumba yake. "Notburga! Wageni wametoka ziwani huko, mnawatazama tu? Leta maji wanawe mikono."